Mlango Uliokaliwa na Mama Mkwe

Mliniacha wiki iliyopita nimesimama juani mbele ya soko jipya la Mwanzengo, ufunguo mfukoni, jasho likinitiririka mpaka kwenye soksi, na mgambo Salvatory akininong'oneza kwamba yule mama aliyeketi mlangoni, yule mwenye kanga ya kijani, ni mama mkwe wangu. Basi bado nimesimama palepale.

Kwa aliyenunua gazeti leo kwa mara ya kwanza, au aliyefungiwa maandazi kwenye toleo lililopita akakosa kipande cha mwisho, nitaeleza kidogo. Mimi ni Josia, msimamizi wa soko katika mji wetu mdogo wa Mwanzengo, ukitoka Bariadi ukashika njia ya Kasoli. Cheo kinasikika kikubwa. Ukweli ni kwamba mimi ni kibarua, naongezewa mkataba kwa huruma ya mwenyekiti wa mji, Mheshimiwa Constantine, na kila akiniongezea ananiambia ajira ya kudumu iko njiani.

Mji wetu ndio ule wenye greda moja linalochonga barabara za shambani kwa mwenyekiti, na kisima kimoja kinachotoa maji siku za ugeni tu. Soko jipya walilijenga wananchi wenyewe, kwa mawe yao na mchanga wao na migongo yao. Akina mama wa dagaa, nyanya na michembe ya viazi vikavu waliahidiwa kwamba likiisha wataingia. Likaisha, likawekwa mlango wa chuma, likafungwa.

Kisha kwenye kikao mwenyekiti akatangaza kwamba soko limepata mpangaji, mfanyabiashara mmoja aitwaye Gloria, ambaye ataligeuza ghala. Mjumbe mmoja akauliza, huyo Gloria ni nani? Mheshimiwa akaweka mkono kifuani akaapa kwamba hamjui mtu huyo hata kwa sura, na hana undugu naye wa karibu wala wa mbali. Kiapo hicho mkishike vizuri, kitatufaa mbele ya safari.

Na jambo lingine. Siku chache kabla ya haya, jioni kiza kikiingia, Mheshimiwa alikuja kuazima ufunguo wa soko. Alisema mafundi wanataka kupima sakafu. Salvatory, aliyekuwa zamu, ndiye aliyeenda naye kumshikia tochi. Asubuhi ufunguo ukarudi kwangu. Sikuuliza sakafu ilikutwa na urefu gani, na Salvatory naye hakunisimulia. Mtu anayesubiri ajira ya kudumu hujifunza kutouliza.

Kazi yangu siku hiyo ilikuwa nyepesi. Nifungue mlango, lori la mpangaji lije kinyumenyume, nikabidhi, niende zangu nyumbani nikale. Lori lilikuwa limeshafika. Lilikuja tupu. Niliwaza kidogo kwa nini mtu anayehamia aje na lori tupu, halafu nikaacha kuwaza.

Sasa, wasomaji wa mbali mtasema, mama mkwe ni mtu tu, mwambie asogee. Ninyi hamjaoa Usukumani.

Kwetu mkwilima, yaani mume wa binti, hamkaribii mama mkwe wake. Hampi mkono. Hali mbele yake. Wakikutana njiani anaingia porini ampishe, hata kama pori lenyewe ni la miiba. Akimkuta amekaa, hamruki, hampiti kwa karibu, wala hakai pale alipokaa. Si chuki. Ni heshima, na tumelelewa nayo tangu tukiwa wadogo mpaka imeingia miguuni. Mimi na Milembe tuna watoto wanaokwenda shule, lakini ukiniuliza sura ya mama yake ikoje siwezi kukueleza. Mama Nyanjige namjua kwa visigino na kikohozi.

Na nampenda, niseme wazi. Nilipokwenda Kasoli kuposa, wajomba wa Milembe walinitazama viatu wakacheka. Walisema binti yao hawezi kuolewa na kibarua wa mji usio na hata maji. Mama Nyanjige aliongea kutokea jikoni, bila kuonekana, akasema, "Huyo ndiye mkwilima wangu." Wajomba wakapokea posa. Tangu siku ile hajawahi kuniita Josia. Ni mkwilima wangu, na neno hilo huwa linaninenepesha.

Basi nikazunguka meza za nyanya, nikachuchumaa mbali, nikaelekeza macho chini, nikamwamkia mama kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu."

Hakugeuka. Alivuta kanga mbele zaidi. "Mwangaluka. Scola, mwambie mkwilima wangu nimefurahi kusikia sauti yake. Muulize kama hajambo."

Scola ni muuza dagaa, mwenye mdomo unaoweza kufungua soko bila ufunguo. Alikuwa amesimama kati yetu, mikono kiunoni, uso umejaa raha. "Msimamizi, mkweo anauliza kama hujambo."

"Nimesikia. Mwambie sijambo."

"Mayu, hajambo."

"Nimesikia," akasema Mama Nyanjige.

Ndivyo tulivyozungumza, tukiwa karibu kiasi cha kutupiana muhindi, kila neno likipita kwa Scola kama barua iliyopitia posta.

"Scola, mwambie mayu kwamba mlango huo unatakiwa kufunguliwa."

"Scola, mwambie afungue. Mimi simzuii. Nimekaa tu, mgongo unaniuma."

Akina mama wakaguna. Kufuli lilikuwa linaning'inia juu kidogo ya kilemba chake. Ili nilifikie ingebidi nisimame nyuma ya mama mkwe wangu na kuinyoosha mikono juu ya kichwa chake. Hata kuandika hivyo naona aibu.

"Mwambie pia," akaendelea, "nimekuja kuulizia mbegu ya pamba. Mvua imeshaanguka Kasoli. Shamba tumelima, tumekaa tunalitazama. Mbegu haijafika. Nimekuja na gunia langu kabisa."

Kweli, alikuwa amekalia gunia tupu, limekunjwa vizuri.

Nikamjibu, kupitia Scola, kwamba mbegu iko njiani. Ofisini tulikuwa tumeagizwa tuseme hivyo kwa kila mkulima atakayeuliza.

"Scola, muulize mkwilima wangu. Hiyo njia inapitia wapi?"

Soko zima likacheka. Hata dereva wa lori alitoa kichwa dirishani akacheka, na yeye si wa kwetu.

Nikasogea pembeni nikampigia mke wangu. "Milembe, mama yako yuko sokoni."

"Najua. Nimemwita mimi."

"Umemwita wewe?"

"Sasa asubuhi uliona napika ugali wote ule wa nani? Josia, Scola na wenzake wamelia kwako tangu mwezi uliopita. Uliwaambia nini?"

Niliwaambia mambo yako njiani.

"Kama unataka kumtoa mama yangu, mtoe," akasema taratibu. "Ila huo mkono utakaomshika, usirudi nao hapa." Akakata simu.

Nikampigia Mheshimiwa. Akapokea kwa sauti ya chini, ya huzuni. "Josia, ongea haraka. Niko Somanda, hospitalini, namtazama mgonjwa."

"Mheshimiwa, mama mkwe wangu amekaa mlangoni."

"Mlango upi?"

"Wa soko."

"Mtoe."

"Mheshimiwa, ni mkwe."

"Mkwe ni mkwe nyumbani, Josia. Kazini ni mwananchi. Mtoe. Kama wewe una miiko ya kimila, mwambie Salvatory amtoe, yeye analipwa kushika fimbo."

Wakati huohuo dereva akapiga honi. Niliisikia kwa sikio la kulia, sokoni. Nikaisikia tena kwa sikio la kushoto, ndani ya simu, hospitalini Somanda. Mheshimiwa akakohoa akasema mtandao unasumbua.

Nikamwita Salvatory. Ni kijana wa miraba minne, sare yake inambana, na fimbo anaishika vizuri. Alipanda ngazi kwa vishindo. "Akina mama," akasema, "amri ni amri. Mniwie radhi. Inukeni mmoja mmoja."

Hapo ndipo nilipotazama vizuri. Mama Nyanjige hakuwa peke yake. Upande wake wa kulia alikaa mama mwingine, kanga usoni, mgongo kwetu. Upande wa kushoto mwingine tena, mnene, amejifunika hivyo hivyo. Nilikuwa nimemwona mkwe wangu tu, wengine nikawahesabu kuwa wapita njia waliofuata kivuli.

Yule wa kulia akapiga chafya.

Salvatory akaganda, mguu mmoja hewani. Fimbo ikamtoka mkononi ikashuka ngazi yenyewe, tak, tak, tak. Alirudi kinyumenyume, akalizunguka lori, akafungua mlango wa upande wa pili, akapanda, akainamisha kichwa chini ya kioo asionekane.

Nikamfuata. "Kuna nini?"

"Mkubwa," akasema kutoka huko chini, "ile chafya naijua. Yule ni mama yake Anna."

"Anna mke wako?"

"Sasa Anna mwingine yupi? Mkubwa, nakuomba niache humu. Nikishuka atajua nilikuwa na fimbo."

Nikamgeukia dereva. Yeye alikuwa mtu wa mbali, hana mila yetu hata moja. Nikamwomba ashuke atusaidie. Akafungua mlango, akakanyaga chini, akatengeneza mkanda wa suruali.

Scola akamkatiza. "Dereva, umeoa?"

"Bado."

"Unatafuta?"

Dereva akatabasamu kidogo. "Natafuta, dada."

"Basi nenda kawaguse hao mama zetu, halafu kesho uje utafute mchumba hapa Mwanzengo."

Dereva akawatazama akina mama. Akawatazama na mabinti waliokuwa wakiuza nyanya nyuma yao. Akarudi kwenye usukani, akafunga mlango polepole, akawasha redio.

Nilikuwa nimeelewa sasa. Akina mama hawakukaa pale ovyo. Walikuwa wametupangia wakwe kila mtu kwa kipimo chake, wakatuacha tuwaendee wenyewe mmoja mmoja. Na bado yule wa kushoto, yule mnene, alikuwa hajakohoa wala kupiga chafya. Nikaanza kujiuliza yeye amewekewa nani.

Sikusubiri sana. Gari jeupe la Mheshimiwa likaingia sokoni likitimua vumbi. Kutoka Somanda mpaka kwetu ni mwendo, lakini siku hiyo aliumaliza kabla redio ya dereva haijamaliza wimbo mmoja. Akashuka na miwani yake, na lile tumbo linalomtangulia kwenye kila kikao.

"Nini hiki?" akauliza. "Mji sasa unaendeshwa na wakwe? Josia, nilidhani nina msimamizi, kumbe nina bwana harusi. Salvatory yuko wapi?"

Kofia ya Salvatory ilizama zaidi chini ya kioo cha lori.

Akawageukia watu. Mheshimiwa hawezi kuona watu wamekusanyika akaacha kuhutubia. "Wananchi, mimi naheshimu mila. Lakini mila isizuie maendeleo. Mama mkwe wangu nilimzika mwaka juzi, Mungu amlaze pema, na wengi wenu mlikula pale. Mimi sina mkwe mwingine hapa duniani. Kwa hiyo mlango huu nitaufungua mimi. Josia, lete ufunguo."

Akakanyaga ngazi ya kwanza. Akakanyaga ya pili. Hatua ya tatu ilikuwa inapita ubavuni kwa yule mama mnene.

Yule mama akasogeza kanga pembeni, kiasi cha shavu tu, akakohoa.

Sijui niwaeleze vipi. Mtu mzima wa umri ule, na uzito ule, aliruka. Aliruka upande, akatua kwenye maji machafu ya kuoshea dagaa, akachuchumaa, akashusha macho, akakutanisha viganja, na mdomo ukatoa neno bila kumuuliza mwenyewe.

"Mwangaluka, mayu."

Redio ya dereva ndiyo peke yake ilikuwa ikiongea.

Kwenye kikao Mheshimiwa aliapa kwa mdomo. Miguu yake haikuwahi kuapa.

Scola akasogea, sauti tamu kabisa. "Mheshimiwa, unamwamkia nani?"

"Nawaamkia... nawaamkia wananchi."

"Umechuchumaa?"

"Nimeteleza."

Yule mama mnene akavuta kanga yake vizuri, akasema kwa upole wote wa mama mkwe. "Scola, mwambie mkwilima wangu asichuchumae kwenye maji, ataumwa kifua. Mwambie sisi Kiloleli hatujambo, ila mbegu ya pamba nasi hatujaiona. Mwambie ng'ombe aliotuletea wamezoea malisho, na yule mwekundu amezaa. Mwambie Gloria anamsalimia sana."

"Mheshimiwa," akasema Scola, "mama mkwe wako, Mama Nyamizi wa Kiloleli, anasema Gloria anakusalimia sana."

Vigelegele vilivyopigwa hapo sijavisikia hata kwenye harusi yangu. Mama mmoja wa michembe aliangukia kapu lake mwenyewe kwa kicheko. Mwingine alikuwa tayari na simu sikioni, akimsimulia mtu, na nilisikia akisema, "Mama wa kwaya, keti kwanza, umeketi?" Mama wa kwaya ndiye mke mkubwa wa Mheshimiwa.

Nami nilicheka, sitaficha. Nilicheka mpaka machozi. Kwa muda mfupi nilimwona Mheshimiwa kama mwenzangu, wanaume wawili tumechuchumaa mbele ya mlango mmoja, na nikajisikia mwepesi, nimesamehewa kila kitu.

Furaha hiyo haikudumu.

Mheshimiwa hakuweza kuinuka. Kuinuka ingebidi amwinukie Mama Nyamizi usoni. Lakini mkono wake alikuwa nao, akaunyoosha kwangu, na sauti aliyotumia sikuwahi kuisikia. Ilikuwa ya kubembeleza.

"Josia, mwanangu. Lete ufunguo. Tuachane na mlango, lori liende, watu watawanyike, tutazungumza siku nyingine. Ajira yako ya kudumu imeshapita. Iko ndani ya gari. Lete ufunguo nikupe leo hii."

Nikashika mfuko. Miaka yote hiyo nilikuwa nikiambiwa iko njiani, na kumbe siku hiyo kweli ilikuwa imefika, imekaa kwenye kiti cha nyuma cha gari jeupe. Niliwaza ada za watoto. Niliwaza wajomba wa Kasoli wakivitazama tena viatu vyangu. Mkono wangu ulikuwa umeshaingia mfukoni.

"Josia."

Mama Nyanjige alikuwa ameniita jina. Hakumwambia Scola. Aliniita mwenyewe, bado amenipa mgongo.

"Leo tusimsumbue Scola. Nijibu mimi. Ndani humu kuna nini?"

"Hakuna kitu, mayu."

"Una hakika?"

"Naapa, mayu." Nami nikaweka mkono kifuani, kama nilivyomwona mkubwa wangu akifanya. "Ni patupu. Ufunguo ni mmoja tu, ninao mimi. Hakuna mtu anayeingia humo bila mimi kujua."

Nilisema kwa sauti ili soko zima lisikie. Nilitaka mama mkwe wangu ajue kwamba mkwilima wake, hata kama ni kibarua, ni mtu anayeaminiwa kukabidhiwa ufunguo.

"Basi kama ni patupu," akasema, "uweke chini."

Kwetu mkwilima hampi mama mkwe kitu mkononi. Anakiweka chini, anarudi nyuma, naye anakiokota. Nikautoa ufunguo. Mheshimiwa alikuwa bado amenyoosha mkono, vidole vinacheza.

"Josia," akanong'ona, "fikiria vizuri."

Nilifikiria. Nilifikiria ugali uliokuwa ukinisubiri nyumbani na yule aliyeupika. Nikainama, nikauweka ufunguo kwenye ngazi ya chini, nikarudi nyuma. Nilijisikia vizuri kuliko siku yoyote tangu nianze kazi ile. Mheshimiwa alijisogeza kuufuata, lakini ufunguo ulikuwa karibu na miguu ya Mama Nyamizi, na miguu yake mwenyewe ikamkatalia tena. Akabaki anautazama.

Mama Nyanjige akainuka. Akaokota ufunguo, akafungua kufuli, akausukuma mlango kwa bega.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Kila aliyelima pamba anaijua, ile harufu kali ya dawa inayopakwa mbegu kabla ya kugawiwa. Kisha macho yakazoea giza la ndani, tukayaona magunia. Yalipangwa kutoka sakafuni mpaka karibu na bati, kutoka ukuta huu mpaka ule, chapa za mbegu zikitutazama. Mbegu ya pamba ya Kasoli yote, na ya jirani zao, ile iliyokuwa njiani.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini lori lilikuja tupu.

Hakuna aliyecheka. Mama wa michembe aliyeangukia kapu akainuka. Wakulima waliokuja sokoni kununua chumvi wakasogea mlangoni, wakatazama ndani, halafu mmoja baada ya mwingine wakageuka wakanitazama mimi. Mwanzoni sikujua kwa nini.

Mheshimiwa akajua. Akina mama wote walikuwa wamegeukia magunia, Mama Nyamizi naye, na kwa mara ya kwanza hakuna mkwe aliyekuwa akimtazama. Akainuka, maji ya dagaa yakimtiririka suruali, akavaa miwani yake.

"Wananchi," akasema, na sauti yake ya vikao ilikuwa imerudi. "Mmemsikia wenyewe. Ameapa mbele yenu. Ufunguo ni mmoja, anao yeye, hakuna anayeingia bila yeye kujua. Mimi nina makosa yangu ya nyumbani, nitayajibu nyumbani. Lakini huyu ameficha mbegu za wakulima. Nilikuwa na mashaka naye siku nyingi."

"Mheshimiwa, uliuazima wewe," nikasema. "Jioni ile. Ulisema mafundi wanapima sakafu."

"Mafundi gani? Nani aliniona?"

Mama Nyanjige akageuka. Alinigeukia mzima mzima, kanga imeshuka mabegani, na kwa mara ya kwanza nikauona uso wa mama mkwe wangu. Ni uso wa Milembe uliochoka. Macho yake hayakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Jibu," akasema. "Nani alimwona?"

"Salvatory, mayu. Salvatory alimshikia tochi. Yupo hapa hapa, yupo kwenye..."

Nikanyoosha kidole. Watu wote wakafuata kidole changu.

Dereva naye alikuwa ameyaona magunia, na hakuhitaji kuelezwa. Lori lilikuwa limeshaondoka mahali pake, linaikata kona ya barabara ya Bariadi kwa mwendo wa mtu asiyetaka kuulizwa jina. Dirishani upande wa pili ilionekana ncha ya kofia ya mgambo, imeinama, mwenyewe bado anamficha uso mama yake Anna.

Nikapiga kelele. Lori halikusimama.

Vumbi lilipotua, Mama Nyanjige alikuwa amelikunjua gunia lake tupu, amelishika mbele yake kwa mikono miwili. Aliyatazama magunia yaliyojaa. Akanitazama mimi. Kisha akavuta kanga, akajifunika uso, akanipa mgongo.

"Scola," akasema, "mwambie huyu kijana asiondoke hapa mpaka wajomba zake Milembe wafike."

Scola akafungua mdomo anipelekee maneno, akashindwa, akatazama chini. Sikuhitaji kupelekewa. Nilikuwa nimesikia, na neno nililolisikia zaidi ni lile ambalo hakulisema.